Magneto anataka nini hasa?

Kwenye ubishi wa sinema mtaani kila stori ina steringi na adui, na kazi ya adui inajulikana. Anataka hela, anataka kisasi, au amepanga kuilipua dunia kwa sababu ambazo hata yeye hajazielewa. Magneto, adui mkuu wa X-Men, anavuruga hesabu hiyo. Mtu akimaliza kutazama filamu ya kwanza, ile ya mwaka 2000 inayoanza na Magneto akiwa bado mtoto wa Kiyahudi, akitenganishwa na wazazi wake kwenye lango la kambi ya Wanazi nchini Poland, huondoka akijiuliza huyu mzee amekosea wapi. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba lengo lake zuri, njia zake mbaya. Linasikika kama busara, ila ukilibana halina kitu ndani. Lengo lipi? Magneto amekuwa akichapishwa tangu mwaka 1963, na katika miaka hiyo amewahi kutaka kuitawala dunia, kuikomboa, kuikimbia na kuichoma moto.

Kwa ambaye hajawahi kufungua kitabu cha X-Men, mambo ya msingi ni haya. Katika dunia ya Marvel wapo watu wanaozaliwa na jeni yenye tofauti, na wakifika balehe tofauti hiyo hujitokeza: mmoja anasoma mawazo, mwingine anapita ukutani, mwingine anaota mabawa. Wanaitwa wamutanti. Wanazaliwa na wazazi wa kawaida, katika kila kabila na kila nchi, na wengi wanachukiwa na majirani zao kwa sababu hiyo tu. Charles Xavier, msomaji wa mawazo, anaendesha shule inayowalea na kuwafundisha kuishi na binadamu wengine kwa amani; wanafunzi wake ndio X-Men. Magneto, ambaye nguvu zake ni za sumaku na chuma mbele yake ni kama udongo wa mfinyanzi, haamini kwamba amani hiyo itakuja. Zamani walikuwa marafiki.

Toleo la kwanza kabisa, la Septemba 1963, halina itikadi ya kuzungumzia sana. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mtu mwenye kofia ya chuma anayevamia kituo cha makombora cha jeshi la Marekani, anajigamba kuwa zama za wamutanti zimefika, anadundwa na vijana watano, anatoroka. Machi 1964, katika toleo la nne, anarudi na kikundi kinachojiita Udugu wa Wamutanti Waovu. (Natamani ningekuwepo kwenye mkutano uliopitisha jina hilo.) Kikundi kinaiteka nchi ya kubuni ya Amerika Kusini iitwayo Santo Marco, na kinapolazimika kukimbia Magneto anaacha bomu la nyuklia liwateketeze wananchi wote waliobaki. Analizima Quicksilver, mfuasi wake mwenyewe. Lugha ya Magneto wa siku hizo ni ya ukuu wa damu: wamutanti ni kizazi bora, wengine wamepitwa na wakati, na aliye bora ana haki ya kutawala. Lee na Kirby wote walikuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, na Kirby alipigana na Wajerumani huko Ufaransa mwaka 1944 akiwa askari wa miguu. Walijua maneno hayo yalikotoka. Adui wao alikuwa kama Mnazi mwenye sumaku, na msomaji hakuhitaji kumwelewa ili kufurahia kipigo chake.

Aliyegeuza mambo ni Chris Claremont, aliyeshika kalamu ya X-Men mwaka 1975 na kutoiachia hadi 1991. Ameeleza katika mahojiano kwamba alitafuta tukio la karne ya ishirini lililokuwa na uzito wa kumzaa mtu kama Magneto, akalikuta kwenye Mauaji ya Kimbari ya Wayahudi. Uamuzi huo ulifika kwa wasomaji katika toleo namba 150, la Oktoba 1981, na toleo hilo linastahili kusomwa polepole.

Magneto anazitaka serikali zote zisalimishe silaha za nyuklia na kumwachia yeye madaraka. Fedha zinazomezwa na majeshi, anasema, zitakwenda kupambana na njaa na maradhi. Nyambizi ya Kisovieti, Leningrad, inamjibu kwa makombora. Anaizamisha pamoja na mabaharia waliomo, kisha anaibua volkano kwenye mji wa Kisovieti ili dunia ijue hatanii. X-Men wanakivamia kisiwa chake, na wakati wa mapigano Kitty Pryde, msichana wa miaka 13 na nusu mwenye uwezo wa kupenya vitu vigumu, anapita katikati ya mitambo yake na kuiharibu. Magneto anampiga kwa hasira. Mtoto anaanguka chini na hatikisiki. Hapo ndipo yule jitu anapopiga magoti, anambeba, na kwa mara ya kwanza tunasikia kuhusu Auschwitz: walinzi waliokuwa wakitaniana huku wakiwaswaga ndugu zake kwenda kufa. Kwa kuwa uhai wa jamaa zake haukuwa kitu kwa wale, anasema, uhai wa binadamu haukuwa kitu kwake. Kitty yu hai, ila Magneto hajui bado. Anajitoa kwenye pambano lililokuwa karibu kumwendea vizuri na kuondoka.

Tazama aliyeitoa hukumu. Xavier hamshindi kwa hoja, wala X-Men hawamshindi kwa ngumi. Magneto anaona sura ya mlinzi wa kambi, anagundua ni yake.

Kuanzia hapo itikadi yake inaanza kuwa na mantiki unayoweza kuifuata hatua kwa hatua. Msingi wake ni jambo ambalo watu wengi hulisahau kuhusu Ujerumani ya Wanazi: mengi yalifanywa kisheria. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935, zilizowavua Wayahudi uraia na kuwakataza kuoana na Wajerumani wengine, zilipitishwa na bunge. Ziliandikwa na wanasheria, zikatekelezwa na makarani wenye mihuri. Wayahudi walioamini kwamba dola lingewalinda kama raia wema, baadhi yao wakiwa na nishani za Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo, na waliuawa pamoja na wasioamini. Huko Auschwitz peke yake waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi mno wakiwa Wayahudi.

Kitabu kilichoandikwa na Greg Pak na kuchorwa na Carmine Di Giandomenico kati ya 2008 na 2009, chenye matoleo matano, kinaanza hapo hapo, 1935, na mvulana wa Kijerumani aitwaye Max Eisenhardt anayefanya vizuri shuleni. Mambo yanabana kidogo kidogo: shule, kazi ya baba, nyumba. Familia inakimbilia Poland, na Poland inavamiwa. Max anaishia Auschwitz akiwa kwenye kikosi cha wafungwa waliolazimishwa kuziondoa maiti kwenye vyumba vya gesi na kuzichoma. Waandishi walijizuia kwa makusudi, kwa hiyo hutaona sumaku ikimwokoa mtu. Hata uasi wa kweli wa wafungwa hao, wa tarehe 7 Oktoba 1944, umo. Kitabu hicho pia kilimaliza fujo iliyosababishwa na Marvel yenyewe, maana katika miaka ya tisini kampuni iliyumba kuhusu asili yake na kumpa jina la Erik Lehnsherr, kisha mwaka 1998 ikasema jina hilo lilikuwa kwenye karatasi za kughushi. Filamu zilibaki na Erik. Ndiyo maana mashabiki wawili wanaweza kubishana jina lake na wote wakawa sahihi.

Sasa rudi kwenye filamu ya mwaka 2000. Seneta Robert Kelly anasimama bungeni akitetea muswada wa kuwasajili wamutanti wote, akiwa na orodha mkononi. Xavier anasikia hoja potofu inayohitaji kujibiwa kwa hoja bora. Magneto anasikia orodha. Hapo ndipo wanapoachana, na kila mmoja ana sababu zake: Xavier anahesabu ni wabunge wangapi bado hawajaamua, Magneto anahesabu miaka iliyopita kati ya 1935 na 1944. Ni michache.

Kuna jeraha la pili ambalo filamu za mwanzo zililipita na ambalo kwangu linaeleza zaidi kuliko kambi. Mwaka 1987 Claremont aliandika hadithi fupi, ikachorwa na John Bolton, kuhusu miaka ya baada ya vita. Magneto ametoroka na Magda, msichana wa jamii ya Waroma (wale wanaoitwa Wajipsi) aliyemfahamu kambini. Wameoana, wana binti aitwaye Anya, na wamefika mji wa Vinnytsia, Ukraine, ambako mume anatafuta kibarua. Siku ya malipo msimamizi anamdhulumu ujira. Kwa hasira, mtaimbo unaruka wenyewe na kumkosakosa yule bosi. Ni mara ya kwanza anaona nguvu zake zikifanya kazi hivyo. Jioni hiyo nyumba ya wageni wanamolala inashika moto. Anamtoa Magda. Anataka kurudi kumchukua Anya, lakini askari waliokuja kumkamata kwa kesi ya mtaimbo wanamzuia na kumpiga huku mtoto akiungua. Anapoachilia nguvu zake hakuna anayebaki hai mtaani pale isipokuwa Magda, ambaye anamtazama mumewe kwa woga na kukimbilia gizani.

Mtu anaweza kuiona Auschwitz kama kazi ya Wanazi, na Wanazi walishindwa vita. Vinnytsia hakukuwa na Wanazi. Kulikuwa na bosi mdhulumaji, askari wa kawaida, na watu waliosimama kutazama. Tangu siku hiyo Magneto hana tena mahali pa kuliweka kosa, kwa hiyo analiweka kwa binadamu wote. Ni kosa la kimantiki, na ndilo kosa lenyewe hasa, lakini ukishasoma kurasa zile unajua lilivyofanyika.

Baadaye anakutana na Xavier huko Haifa, Israeli, katika hospitali inayowahudumia walionusurika kambi. Simulizi hiyo ni ya 1982, toleo namba 161. Wanacheza sataranji, wanabishana usiku, hawaambiani kwanza kwamba wote ni wamutanti, ingawa kila mmoja anahisi. Baron Strucker, mabaki ya Unazi, anamteka mwanamke mmoja aliyenusurika kwa kuwa yeye ndiye ufunguo wa shehena ya dhahabu iliyofichwa. Marafiki wawili wanamwokoa kwa pamoja. Xavier anafurahi kwamba nguvu zao zimetumika kwa wema. Magneto anabeba dhahabu na kuondoka, kwa sababu anajua harakati zinahitaji mtaji. Hakuna kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivyo kwamba huyu ni mwanasiasa kabla ya kuwa mhalifu.

Hapa lazima niingie kwenye ubishi ambao umekomaa mno: kwamba Xavier ni Martin Luther King na Magneto ni Malcolm X. Watu wanausema kama vile umeandikwa kwenye jalada. Filamu ya mwaka 2000 iliuchochea kwa kumfanya Magneto amalizie kwa kauli maarufu ya Malcolm ya 1964, ya kutumia njia yoyote itakayohitajika. Nadhani ulinganisho huo unawadhulumu wote wawili.

Malcolm hakuzamisha nyambizi wala kuteka nchi. Hakumuua mtu yeyote kwa ajili ya siasa. Katika mwaka wake wa mwisho alizunguka Afrika akitafuta serikali za kuifikisha Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa kwa kuvunja haki za binadamu; Oktoba 1964 alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Mwalimu Nyerere, na akafika Nairobi pia. Huyo ni mtu anayeamini kwamba ipo sheria juu ya sheria za Washington, na kwamba mataifa mengine yanaweza kumsikia. Magneto msingi wake wote ni kwamba hakuna atakayesikia. Upande wa pili nao hausimami. King alivunja sheria hadharani, akafungwa Birmingham mwaka 1963, akajaza barabara kwa watu. Xavier kwa miongo mingi aliwaficha wanafunzi wake nyuma ya ukuta wa shule yenye heshima, na kazi yao kubwa ilikuwa kupigana na wamutanti wenzao ili binadamu wasiogope. Sijaona andamano lake hata moja.

Claremont mwenyewe alikuwa akitazama kwingine. Amesema mfano aliokuwa nao kichwani kwa Magneto ni Menachem Begin, kiongozi wa Irgun, kundi la Kiyahudi lenye silaha lililopinga utawala wa Waingereza huko Palestina na kuilipua hoteli ya King David mjini Jerusalem tarehe 22 Julai 1946 na kuua watu 91. Waingereza walimsaka kama gaidi. Mwaka 1977 akawa waziri mkuu wa Israeli, na 1978 akashiriki Tuzo ya Amani ya Nobel na Anwar Sadat wa Misri. Claremont alitaka kuona kama adui wake naye angeweza kusafiri njia hiyo, kutoka kwenye bomu hadi kwenye meza. Ukimchukua Begin badala ya Malcolm, Magneto anaeleweka mara moja: ni mzalendo wa taifa lisilo na nchi. Anachokitaka ni dola, lenye mpaka, jeshi na kiti, ili siku orodha itakapoandikwa tena wawepo wenye mizinga ya kuirarua. Na mfano huo unabeba pia maswali yake yote machungu, likiwemo la nani alikuwa akiishi hapo kabla, ambalo vitabu vya X-Men huligusa kwa ncha ya kidole tu.

Claremont alikwenda mbali na jaribio lake. Katika simulizi ya 1982 kuhusu mhubiri William Stryker, kurasa za mwanzo zinaonyesha watoto wawili weusi, mvulana na dada yake mdogo, waliouawa usiku na wafuasi wa mhubiri huyo na kuning'inizwa kwenye bembea za shule ili wenzao wawakute asubuhi. Anayewakuta ni Magneto. Anawashusha kabla watoto wengine hawajafika. Hakuna hotuba ndefu, na hakuna steringi pale. Mwishoni Xavier mwenyewe anayumba na kutaka kumfuata rafiki yake wa zamani. Anavutwa kurudi na mwanafunzi wake. Miaka mitatu baadaye Magneto anajisalimisha na kushtakiwa Paris, toleo namba 200, Desemba 1985. Mahakama inaamua kwamba makosa ya miaka ya sitini hayahesabiki, maana kuna wakati aligeuzwa kuwa kichanga kisha akakuzwa upya, kwa hiyo aliyeyatenda ni kama alikwisha kufa. (Wakili yeyote angelipa pesa nyingi kupata hoja hiyo.) Kinachobaki ni nyambizi Leningrad. Shambulio linaivuruga kesi kabla hukumu haijatolewa, Xavier anaumia vibaya, na anamwachia Magneto shule. Kwa muda adui mkuu anakuwa mwalimu mkuu. Mabaharia hawapati hukumu yao.

Mwaka 1988 Claremont alizua nchi iitwayo Genosha, na hii iko jirani na kwetu: kisiwa cha Bahari ya Hindi, kaskazini ya Madagascar, upande wa Shelisheli. Msomaji wa Mombasa au Moroni anaweza kuuliza majahazi yetu yalipita wapi yasikione, ila twende. Genosha ni tajiri, safi, yenye barabara nzuri, na utajiri wote unatoka kwenye migongo ya wamutanti waliofutwa akili, wakabadilishwa miili kulingana na kazi, wakavalishwa suti isiyovuliwa yenye namba badala ya jina. Ilikuwa Afrika Kusini ya Makaburu, na hakuna aliyejificha kulisema hilo. Kwa Magneto, Genosha ni ushahidi aliokuwa akiungoja.

Mwaka 1999 anakabidhiwa. Baada ya Magneto kutishia kuvuruga uga wa sumaku wa dunia nzima, Umoja wa Mataifa unampa kisiwa hicho, huku vigogo wakitarajia kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokuwa vikiendelea pale vitamtafuna. Sasa ana alichokitaka: ardhi, bendera, watu wake. Anafanya nini? Anaanza kuunda jeshi la kuishambulia dunia. Hapa ndipo itikadi yake inapopasuka, na pasuko lilikuwepo tangu 1963. Ikiwa usalama wako unatokana na nguvu peke yake, hakuna kiasi cha nguvu kinachotosha, kwa sababu jirani naye anahesabu. Dola alilolijenga kwa hofu likaendeshwa kwa hofu. Mwaka 2001 mwandishi Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely wakaifuta Genosha katika toleo moja. Roboti wakubwa waliundwa mahsusi kuua wamutanti, na milioni 16 wakafa kwa siku moja. Msomaji anabaki na mambo mawili mkononi ambayo hayakubali kukaa pamoja. Magneto alisema hili litatokea, na limetokea. Na dola lake halikuzuia chochote.

Morrison hakuwa na huruma naye. Aliwahi kusema wazi kwamba kwake Magneto ni gaidi mzee aliyechanganyikiwa, na mwishoni mwa zamu yake, karibu na mwaka 2004, akamleta akiwa mlevi wa dawa za kulevya anayeiteka New York na kuwaswaga binadamu kwenye matanuri ya kuchomea maiti. Wafuasi wake vijana wanaboreka na hotuba zake. Walimpenda zaidi alipokuwa picha kwenye fulana. Hadithi hiyo inauma, na hoja yake ni halali: fikra ya damu bora huishia tanurini hata ikishikwa na aliyewahi kuwa jirani wa tanuri. Lakini Marvel hawakuivumilia. Katika muda mfupi walitangaza kwamba yule alikuwa mtu mwingine kabisa aliyejifanya Magneto. Claremont akamrudisha wa kwake, hai na mwenye akili timamu.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu Magneto inatoka hapo. Watu huuliza kama amebadilika, kumbe wanaobadilika ni waandishi, na kila mmoja anapiga kura kuhusu swali lile lile: je, hofu ya mtu huyu ni ya haki? Anayesema ndiyo anamfanya mwalimu mkuu. Anayesema hapana anampa tanuri. Kuna na njia ya tatu, ya uvivu zaidi, ambayo filamu za siku hizi zimeifanya mazoea. Adui anapewa hoja nzito, ukumbi unaanza kumkubali, na haraka mwandishi anamfanya aue asiye na hatia ili tukumbuke upande wa kushangilia. Killmonger, adui wa filamu ya Black Panther ya 2018, anaongea kuhusu silaha kwa watu weusi wanaokandamizwa duniani, jambo ambalo lingehitaji kujibiwa kwa kina. Badala yake anampiga risasi mpenzi wake na kumkaba shingo bibi mtunza bustani. Karli, wa kundi linalopinga mipaka ya nchi katika tamthilia ya The Falcon and the Winter Soldier ya 2021, analipua jengo lenye watu waliofungwa ndani. Hoja haikujibiwa na mtu, imezikwa na maiti. Toleo namba 150 lilifanya kinyume. Nalo lilimwangusha mtoto, lakini kifo hicho cha kudhaniwa ndicho kilichoifungua hoja, kwa sababu aliyeulizwa swali alikuwa muuaji mwenyewe.

Mwaka 2019 Jonathan Hickman akapindua meza. Xavier amechoka. Baada ya Genosha na mengine mengi, anaanzisha taifa la wamutanti kwenye kisiwa chenye uhai kiitwacho Krakoa, na Magneto anakaa naye kwenye baraza la uongozi. Krakoa wanauza dawa zinazoongeza maisha ya binadamu kwa miaka mitano, na nchi inayozitaka lazima ilitambue taifa lao. Magneto ndiye anayewatembeza mabalozi, akiwaeleza kwa upole wa mwenyeji kwamba zama zimebadilika. Mashabiki wengi walisema rafiki mbaya hatimaye amekuwa mwema. Mimi nilisoma kinyume: Xavier ndiye aliyehama. Mpaka, lugha yao wenyewe, uchumi wa kuwabana wengine, msamaha kwa kila mwenye damu sahihi hata akiwa muuaji wa kutisha; hiyo ni ilani ya Magneto, imefuliwa na kupigwa pasi. Kitu kimoja tu ndani yake kinamzuia yeye, nacho ni sheria ya Krakoa inayokataza kuua binadamu.

Wana Krakoa waligundua pia namna ya kufufua. Akili ya kila mutanti ilihifadhiwa kwenye mtambo wa Xavier, na aliyekufa alizalishiwa mwili mpya na kurudi kwa shangwe. Lilikuwa jibu kamili kwa Genosha: ueni milioni 16, tutawarudisha mmoja mmoja. Lakini ufufuo ulikuwa wa wamutanti. Anya, yule binti wa Vinnytsia, hakurudi. Kufikia mwaka 2022 Magneto alikuwa amejiuzulu barazani, akahamia sayari ya Mars, na akafuta nakala ya akili yake mtamboni ili naye, siku akifa, asirudishwe. Mwaka huo huo akauawa vitani.